Somo la Udongo: Pima Nusu Saa ya Mvua

Wakulima wa skimu wakikutana njiani baada ya mvua, huulizana, "Kwako imenyesha kiasi gani?" Ni swali jema, maana mahindi, viazi na majani ya ng'ombe hutegemea jumla ya maji yaliyoingia ardhini. Lakini mtu atakaye kujua mvua imemwibia udongo kiasi gani, swali hilo halimtoshi. Hana budi aulize swali la pili: "Imenyesha kwa muda gani?" Somo la mwezi huu ni juu ya swali hilo la pili. Tutaeleza jinsi wataalamu wanavyoipima nguvu ya mvua katika nchi za baridi na nchi za joto, na jinsi wewe mwenyewe uwezavyo kuipima shambani kwako kwa mkebe, rula na saa.

1. Mvua mbili zisizofanana

Watu wa Nyeri wazijua mvua hizi mbili vizuri. Ukiwa Skuta mjini Nyeri mwezi wa Julai, majira ambayo wenyeji huyaita gathano, wingu hushuka chini na manyunyu huanguka tangu asubuhi mpaka jioni. Nguo hazikauki na kuni hazishiki moto. Lakini tazama mtaro wa kando ya barabara. Maji ni machache, tena ni maangavu.

Sasa ngoja mvua ya njahi mwezi wa Aprili. Jua huwaka asubuhi, wingu jeusi hupanda mchana, na alasiri mvua hupiga mabati hata watu waliomo nyumbani hawasikilizani. Baada ya nusu saa imekwisha. Mtaro ule ule sasa unafurika maji mekundu. Wekundu ule si wa maji, ni udongo wa shamba la mtu.

Kwa nini iwe hivyo? Matone ya manyunyu ni madogo, tena huanguka polepole. Tone la mvua kubwa laweza kufika upana wa milimita 5, nalo huanguka kwa mwendo wa karibu mita 9 kila sekunde. Likipiga udongo mtupu huwa kama nyundo ndogo. Chembe za udongo hurushwa juu hata sentimita 60, na kando hata mita moja na nusu. Ukitaka kuamini, tazama ukuta wa nyumba yako baada ya mvua kubwa, uone matope yalivyoupaka kwa chini.

Chembe zile zikitua huziba matundu madogo ya udongo. Basi maji hayapati mlango wa kuingia, huanza kutiririka, na yakitiririka hubeba chembe zilizokwisha kung'olewa. Kumbuka jambo hili, kwa kuwa somo lote limejengwa juu yake: tone hung'oa, na maji hubeba. Ukimzuia wa kwanza, wa pili hapati mzigo mkubwa wa kuchukua.

2. Wataalamu walipima vipi?

Njia ya kupima mmomonyoko ni rahisi kueleza, ingawa yataka uvumilivu. Mtaalamu huchagua kipande cha ardhi chenye mteremko, hukizungushia mabati yaliyozamishwa ardhini ili maji ya nje yasiingie, na kwa chini huweka tangi la kupokea maji na matope. Kila baada ya mvua maji hupimwa, matope hukaushwa na kutiwa kwenye mizani. Kando ya kiwanja hicho huwekwa kipima mvua chenye kalamu iandikayo juu ya karatasi inayozungushwa na mtambo wa saa. Karatasi hiyo haionyeshi jumla ya mvua peke yake. Huonyesha pia ni dakika zipi mvua ilikuwa kali, na dakika zipi ilipungua.

Huko Marekani viwanja kama hivyo vilianzishwa kwa wingi katika miaka ya 1930, wakati upepo na mvua vilipokuwa vimeharibu mashamba mengi. Wataalamu wawili, Walter Wischmeier na Dwight Smith, walikusanya hesabu za miaka mingi kutoka viwanja vingi, wakatafuta ni kipimo gani cha mvua kinachopatana na uzito wa matope. Jumla ya mvua peke yake haikupatana vizuri. Mwaka 1958 walieleza kwamba nguvu ya mapigo ya mvua ndiyo iliyopatana. Kipimo chao huchukua nguvu ya mapigo ya mvua nzima, kikaizidisha kwa kasi ya ile nusu saa iliyokuwa kali kuliko zote. Kipimo hicho hutumika ulimwenguni mpaka leo.

Tufanye mfano. Tuseme mvua mbili zimenyesha shambani kwako, na kila moja imetia milimita 30 katika mkebe. Ya kwanza ilinyesha kwa saa sita, sawasawa, yaani milimita 5 kila saa. Ya pili ilimwagika yote kwa nusu saa, yaani kwa kasi ya milimita 60 kwa saa.

Kwa hesabu ya Wischmeier na Smith, kila milimita ya mvua ya polepole ina nguvu ya 0.18. Kila milimita ya mvua ya haraka ina nguvu ya 0.27. Zidisha kwa milimita 30, utapata 5.4 kwa mvua ya kwanza na karibu 8.2 kwa mvua ya pili. Mpaka hapo tofauti si kubwa sana. Lakini sasa zidisha kwa kasi ya nusu saa iliyo kali. Mvua ya kwanza ni 5.4 mara 5, jumla 27. Mvua ya pili ni 8.2 mara 60, jumla karibu 490.

Tazama basi. Mkebe umeonyesha milimita 30 mara zote mbili, lakini mvua ya pili ina nguvu ya kuharibu mara 18 kuliko ya kwanza. Mkulima aliyeandika "milimita 30" tu katika daftari lake hawezi kuona tofauti hiyo.

3. Nchi za baridi na nchi za joto

Norman Hudson alikuwa mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Aliona kwamba mvua ya kasi iliyo chini ya milimita 25 kwa saa haikuondoa udongo wa kutajika katika viwanja vyake. Mvua iliyopita kasi hiyo ndiyo iliyojaza matangi matope. Kwa hiyo alihesabu nguvu ya ile mvua kali peke yake, na ile ya polepole akaiacha.

Kwa kutumia mpaka huo Hudson alilinganisha nchi za baridi na nchi za joto. Katika nchi za baridi, kama zile za Ulaya, kwa kadiri ya asilimia 5 tu ya mvua ya mwaka huanguka kwa kasi inayopita mpaka. Katika nchi za joto ni kwa kadiri ya asilimia 40. Mkulima wa Uingereza aweza kulowa wiki nzima na udongo wake usisogee. Mkulima wa kwetu aweza kupoteza kwa alasiri moja udongo ambao mwenzake wa huko hataupoteza kwa miaka.

Hesabu za siku hizi zaonyesha jambo lile lile. Mwaka 2015 watafiti wa Umoja wa Ulaya walitoa wastani wa nguvu ya mvua kwa mwaka katika nchi zao, wakapata 722 kwa vipimo vya wataalamu. Mwaka 2017 walitoa ramani ya ulimwengu mzima kutokana na vituo zaidi ya 3,600 vya nchi 63, na wastani wa ulimwengu ukawa 2,190. Sasa sikiliza habari ya jirani zetu wa Embu, upande wa pili wa Mlima Kenya. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2003 juu ya bonde la Kianjuki, nguvu ya mvua ya mwaka ilikadiriwa kuwa 8,527. Hesabu hizi hazikufanywa kwa njia moja kabisa, basi usizishike kama mizani ya dukani. Lakini tofauti ni kubwa mno hata hivyo: mvua ya mteremko ule ina nguvu zaidi ya mara 11 ya wastani wa Ulaya.

Utafiti huo wa Embu ulikadiria pia udongo unaoweza kuondoka katika miteremko ya bonde hilo. Ulipata tani 134 kwa hekta kila mwaka mahali penye mteremko wa wastani, na tani 549 mahali pabaya zaidi. Kwa eka ni kama tani 54 na tani 222. Na ardhi yaweza kuvumilia kiasi gani bila kudhoofika? Watafiti hao walitaja tani 2.2 mpaka 10 kwa hekta, yaani tani moja mpaka nne kwa eka. Lori moja la tani 5 limekwisha kupita kiasi. Malori 11 kutoka eka moja ni msiba.

4. Wa nchi kavu wasijidanganye

Mkulima wa Mweiga au Naro Moru aweza kusema, "Hayo ni mambo ya Othaya na Embu, kwenye mvua nyingi. Sisi wa Kieni shida yetu ni ukame." Ni kweli kwamba Kieni hupata mvua haba, maana milima huzuia pepo zenye unyevu. Lakini fikira hiyo yaweza kumponza.

Mwaka 1958 wataalamu wawili wa Marekani, Langbein na Schumm, walilinganisha matope ya mito katika nchi zenye mvua mbalimbali. Mtu angedhani kwamba kadiri mvua inavyozidi, matope nayo yazidi. Haikuwa hivyo. Katika jangwa matope yalikuwa machache kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuyachukua. Katika nchi zenye mvua nyingi yalipungua kwa kuwa misitu na nyasi ziliufunika udongo. Matope mengi kuliko yote yalitoka katika nchi za katikati, zile kavu nusu, ambako mvua inatosha kubeba udongo lakini mimea haitoshi kuufunika.

Tusiende mbali. Huko Mpwapwa, Tanganyika, nchi ya mvua haba na kiangazi kirefu, mtaalamu R. R. Staples alianza kupima viwanja mwaka 1933. Kiwanja kilichoachwa kitupu kilitiririsha karibu nusu ya mvua yote iliyoanguka, na kilipoteza zaidi ya tani 140 za udongo kwa hekta kila mwaka. Kiwanja cha nafaka kilipoteza kama nusu ya udongo huo. Kiwanja cha nyasi kilitiririsha kama asilimia 2 tu ya mvua, na udongo haukuondoka. Mvua ilikuwa ile ile, na mteremko ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kifuniko.

Mkulima wa skimu, jambo hili lakuhusu hasa. Mpango wa skimu za makazi katika Kenya ulianza mwaka 1962, na mashamba mengi yaliyogawanywa yalikuwa malisho ya ng'ombe na kondoo. Nyasi ziliulinda udongo ule miaka mingi. Tulipopewa ploti tulilima, na kulima ni haki, maana mtu hali nyasi. Lakini siku ile jembe lilipogeuza nyasi, shamba lilitoka katika hesabu ya kiwanja cha tatu cha Mpwapwa na kuingia katika hesabu ya kiwanja cha pili. Na kila Machi na kila Oktoba, tunapolima na kuliacha likingoja mbegu, huingia kwa majuma kadhaa katika hesabu ya kiwanja cha kwanza.

Tena angalia hasara ya pili. Nusu ya mvua ikitiririka, mkulima wa Kieni aliyepata mvua haba amebakiwa na nusu ya uhaba huo. Halafu hulalamika kwamba mvua ilikatika mapema. Mvua ilikuja, ila yeye hakuifungulia mlango.

5. Habari ya wavu

Hudson alifanya jaribio jingine ambalo kila mkulima yafaa alijue. Alitengeneza viwanja viwili vya udongo mtupu. Vyote viwili vilipaliliwa pasiote hata jani moja. Juu ya kiwanja kimoja alitandika wavu mwembamba, kama ule wa kuzuia mbu madirishani, ukiwa umeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Wavu haukuzuia maji. Mvua yote ilipita na kufika chini. Kazi ya wavu ilikuwa moja tu, kuvunja matone makubwa yawe kama manyunyu.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Kwa miaka kumi, kiwanja kisichofunikwa kilipoteza udongo zaidi ya mara 100 kuliko kile chenye wavu.

Ndiyo maana twasema mkulima hawezi kuchagua mvua ya kunyesha shambani kwake, lakini aweza kuigeuza Aprili iwe Julai. Mabua yaliyotandazwa, majani makavu na kunde au njahi zilizotambaa kati ya mahindi ni wavu wa Hudson, tena havinunuliwi dukani. Ila tahadhari: kifuniko kiwe karibu na ardhi. Mti mrefu kama mkaratusi hukusanya maji juu ya majani, kisha huyaangusha kwa matone makubwa kutoka juu sana. Kama chini ya mti ni patupu, udongo hupigwa vile vile.

6. Pima mwenyewe

Vifaa ni vinne: mkebe, rula, saa na daftari.

Tafuta mkebe ambao upana wa mdomo na upana wa kitako ni sawa. Ndoo iliyopanuka juu haifai, maana itakudanganya. Uweke juu ya kigingi mahali peupe, mbali na miti na nyumba, na mdomo wake uwe sawasawa. Kila siku saa tatu asubuhi, kama wafanyavyo watu wa vituo vya hali ya hewa, ingiza rula mpaka chini na usome milimita. Andika, kisha mwaga maji. Hiyo ndiyo jumla ya siku.

Sasa kazi mpya. Mvua kali inapoanza, angalia saa. Mwambie mtoto aliyekwisha kujua kusoma saa akusaidie, naye atafurahi. Baada ya nusu saa, mvua ikipungua kidogo, nenda kasome mkebe. Kukiwa na radi usitoke, ngoja itulie, na uandike muda wote uliopita. Mkebe ukionyesha zaidi ya milimita 12 na nusu kwa nusu saa, mvua hiyo imepita mpaka wa Hudson wa milimita 25 kwa saa. Piga mstari mwekundu chini yake katika daftari, maana hiyo ni mvua ya kuchukua udongo.

Je, milimita 12 na nusu ni maji mengi? Milimita moja ya mvua juu ya eka moja ni kama lita 4,000. Basi milimita 12 na nusu ni lita 50,000, yaani mapipa 250 ya lita 200 yaliyomwagwa juu ya eka yako kwa nusu saa. Ukiyawaza mapipa hayo yakishuka mteremko pamoja, utaelewa kwa nini korongo huchimbika kwa siku moja.

Katika daftari andika mambo matano kila mara: tarehe, muda wa mvua kali, milimita za nusu saa, jumla ya milimita, na hali ya shamba siku hiyo. Usiisahau hali ya shamba. Andika "tupu", au "mahindi ya majani manne", au "limefunikwa". Baada ya misimu miwili utaona mwenyewe kama mistari yako myekundu imeangukia siku ambazo shamba lilikuwa tupu.

Ukitaka kuuona udongo wenyewe ukiondoka, fanya majaribio haya mawili. La kwanza, zika debe chini ya mteremko, mdomo wake ulingane na ardhi, lipokee maji yatiririkayo. Baada ya mvua koroga, jaza chupa ya lita moja, na uiache mpaka kesho yake. Pima matope yaliyotuama. Fanya hivyo chini ya sehemu iliyofunikwa na chini ya sehemu iliyo tupu, kisha ziweke chupa mbili hizo mezani jamaa wote wazione. La pili, baada ya kupalilia, pigilia misumari mirefu kumi mahali mbalimbali shambani, vichwa vikilingana na udongo. Kabla hujalima tena, pima urefu uliojitokeza, jumlisha na ugawanye kwa kumi. Kila milimita moja kwa eka moja ni kama tani 5 za udongo, nao ni ule wa juu wenye samadi na mbolea uliyoinunua.

7. Kipimo bila kazi ni bure

Kupima ni kujua, lakini kujua hakuzuii maji. Mistari myekundu ikikuonyesha wakati wa hatari, fanya yafuatayo.

Kwanza, mvua zisikukute na shamba tupu. Usichome mabua baada ya kuvuna. Tutajibiwa kwamba ng'ombe nao wayataka. Ni kweli, na ng'ombe wa maziwa ndiye alipaye karo. Basi mgawie ng'ombe sehemu, na udongo nao upate sehemu yake. Ukipanda majani ya Napier au kaliandra kwenye kingo za matuta, ng'ombe atapata chakula huko, na mizizi itashika udongo, nawe hutalazimika kubeba kila bua kwenda zizini.

Pili, panda mapema, na panda kwa kufuata mkingamo wa mteremko, si kwa kushuka. Matuta ya viazi yaliyoelekea chini ni mifereji uliyoichimba kwa mkono wako mwenyewe.

Tatu, chimba makinga maji. Katika nchi kavu kama Kieni, tuta la fanya juu hufaa sana. Chimba mtaro kwa mkingamo, na udongo wake uurushe upande wa juu. Mtaro hushika maji yaingie ardhini, na mwaka baada ya mwaka udongo hujikusanya nyuma ya tuta mpaka ngazi ikafanyika yenyewe. Katika miteremko mikali yenye mvua nyingi, mwombe Bwana Shamba akupimie pia mtaro wa kukata maji na mahali salama pa kuyatoa, yasimwangukie jirani. Hapa jirani na jirani hawana budi kupatana, maana maji hayajui mpaka wa ploti.

Familia nyingi hazilipendi neno "matuta", nasi twajua sababu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri, na mwaka 1947 wanawake wa Murang'a, ambao mzigo mkubwa uliwaangukia, waliikataa kazi hiyo. Baada ya Uhuru matuta mengi yaliachwa yakabomoka. Mwaka 1974 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, kwa msaada wa Uswidi, na safari hii kazi ilikuwa ya mkulima katika shamba lake mwenyewe. Tuta la leo halina askari wala faini nyuma yake. Mkebe na daftari lako ndivyo vitakavyokuambia kama unalihitaji.

Udongo unaoondoka hauendi bure tu, huenda kudhuru kwingine. Mito ya Nyeri, kama Chania, Gura na Sagana, huingia Mto Tana, na Tana hujaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 ili kuhifadhi maji na kusaidia kutoa umeme. Kila tani ya matope itwaayo nafasi bwawani imeondoa nafasi ya maji. Shamba limepungukiwa, na bwawa nalo limepungukiwa.

Jambo la mwisho. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii moja. Kwa hiyo, kadiri ulimwengu unavyozidi kupata joto, mvua kali zatazamiwa kuzidi ukali. Familia nyingi zina habari za mvua za mwaka 1961 na za mwaka 1997. Mvua za namna hiyo haziji kila mwaka, lakini zikija hazimngoji mtu achimbe mtaro. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujijaribu

1. Mvua moja ilitia milimita 24 kwa saa nane. Nyingine ilitia milimita 18 kwa nusu saa. Ni ipi ya kupigiwa mstari mwekundu?

2. Mvua ya milimita 20 imeanguka juu ya eka mbili. Ni lita ngapi za maji?

3. Misumari yako imejitokeza milimita 3 kwa wastani, katika shamba la eka moja. Umepoteza tani ngapi za udongo?

4. Kwa nini wavu wa Hudson ulipunguza mmomonyoko, hali maji yote yalipita?

Majibu: (1) Ya pili. Kasi yake ni milimita 36 kwa saa, na ile ya kwanza ni milimita 3 tu. (2) Lita 160,000. (3) Karibu tani 15, yaani malori matatu ya tani 5. (4) Kwa sababu ulivunja matone. Tone lisipong'oa, maji hayapati cha kubeba.

Wanachama wa skimu moja wakipima kila mmoja kwake, na kuyaleta madaftari yao kwenye mkutano mwisho wa msimu, wataweza kumwonyesha Bwana Shamba ni mteremko upi uanziwe kazi. Mkebe wapatikana leo. Uweke kabla wingu halijapanda.